Kimo cha Marwa

Nilikuwa nimekaa nje nasokota kamba ya mbuzi, simu ikaita. Mkonge ulikuwa umelowa, na mkonge ukilowa una harufu yake, kama majani mabichi yaliyoanza kuoza, inaingia kwenye kucha na haitoki hata ukisugua kwa sabuni ya kipande. Siku hizi watu wananunua kamba za manila pale Bomani, za bluu, rahisi, lakini fundo lake halikai, linateleza, asubuhi unakuta mbuzi yuko kwenye mahindi ya jirani na jirani yuko mlangoni kwako. Kwa hiyo mimi nasokota mkonge, ingawa harufu yake siipendi. Kwa nini siipendi, hiyo ndiyo habari yenyewe, na nitafika, ila mniache niende kwa mwendo wangu. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza.

Aliyepiga alikuwa msichana, Kiswahili chake cha ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya.

"Shikamoo mzee. Ni wewe ndugu yake Daktari Bhoke?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Pole sana mzee wangu. Daktari alituacha juzi. Amekuwa mgonjwa kitambo, hakutaka mjue."

Nikamwuliza atazikwa wapi. Akasema huko huko waliko, kwenye nchi ya baridi, ndivyo mwenyewe alivyoacha ameandika. Akasema yeye alikuwa mwanafunzi wake, na kwamba wanatengeneza maneno ya kusoma siku ya mazishi.

"Tuko na shule zote alizosoma, mzee. Tuko na kazi zote alizoandika. Kitu hatuna ni mwanzo. Alianza aje kupenda jiometri? Tukimwuliza alikuwa anasema tu ilianzia nyumbani, halafu ananyamaza."

Nikamwambia tangu mdogo alikuwa mtoto wa kupenda kupima pima. Akanishukuru kama nimempa ng'ombe.

Nilichomwambia si uongo. Lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kudanganya kwa neno la kweli, na mimi kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka kumi.

Tata, yaani baba yetu, alikuwa na wake watatu. Mimi ni wa nyumba ya kwanza. Bhoke ni binti wa nyumba ya pili, tumepishana miezi, yeye ndiye mkubwa na hakuniacha nisahau. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama Robhi, Robhi ni jina lake mwenyewe, wakati huo msichana tu, nadhani hata miaka ishirini na mitano hajafika, mrefu, anacheka kwa sauti mpaka tata anakohoa huko nje kumwonya. Alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa tatu ndiye Marwa. Marwa alikuwa na miaka minne, labda mitano, tumbo mbele, pua inatoka kamasi mwaka mzima, na alikuwa anatufuata mimi na Bhoke kila mahali kama mbwa asiyefukuzika. Ukimwambia rudi nyumbani, anasimama, anageuka, anasubiri uende hatua kumi, halafu anakuja.

Zamani tulikaa mlimani, kule Gorong'a. Nyumba zilizunguka zizi, na kila nyumba yenyewe ilikuwa duara. Mtu akitaka kujenga anachomeka kigingi, anafunga kamba, anazunguka nayo huku anakwaruza ardhi, basi, hiyo ndiyo ramani. Bhoke alikuwa anaacha maji mtoni kwenda kuangalia mtu akizungusha kamba. Mama yake alimpiga kwa hilo mara nyingi. Alikuwa anasema, "Huyu mtoto anaangalia kamba kama wenzake wanavyoangalia nyama."

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijijini. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka, sina haja ya kueleza sana. Tulishushwa mlimani na vyungu vyetu, na nyumba yetu ya mlimani tata aliibomoa mwenyewe ili isibomolewe na mtu mwingine. Kule chini kulikuwa na mtu wa vipimo, mfupi, kaptula imepigwa pasi, ana vigingi na kamba ndefu ya mkonge yenye mafundo. Sisi watoto tulimwita Bwana Kamba. Kazi yake ilikuwa kunyoosha watu. Nyumba hapa, nyumba hapa, nyumba hapa, mstari mmoja, milango yote inaangalia barabara.

Tata akamwambia, "Wewe unapanga watu kama mahindi."

"Mahindi yakipangwa yanazaa, mzee."

"Na yakiugua," tata akasema, "yanaugua mstari mzima."

Watu wakacheka. Bwana Kamba naye akacheka, hakuwa mtu mbaya.

Alikuwa anatafuta mtoto wa kumshikia mwisho wa kamba. Wavulana tulikimbilia, lakini tulikuwa tunalegeza, tunacheza. Bhoke hakulegeza. Alishika kama ameshika ndama. Wiki nzima akazunguka naye, na siku moja nikiwa karibu nilimwona Bwana Kamba anamwonyesha jinsi ya kupata kona iliyo sawa. Alifanya hivi: akahesabu nafasi tatu kwenye kamba, akachomeka kigingi, akahesabu nne, akachomeka, akahesabu tano, akarudi pale alipoanzia. Ikatoka kona iliyonyooka kama ya sanduku.

Bhoke akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini ni tatu na nne na tano?"

"Ndivyo inavyofanya."

"Lakini kwa nini inafanya hivyo?"

"We mtoto, shika kamba."

Sikiliza, mimi nilikuwepo pale na nilichokiona ni kona. Basi. Bhoke hakulala siku ile. Alirudia ile kona kwa majani, kwa uzi, kwa vijiti, kubwa na ndogo, na kila mara ilitoka, na kila mara alikasirika zaidi, kama mtu anayedanganywa na hajui wapi. Bwana Kamba alipomaliza kijiji chetu akaenda kingine. Kipande cha kamba kilichochakaa akampa Bhoke. Bhoke akakitundika ukutani nje kwenye nyumba ya mama yake, na ole wako uguse.

Sasa kuna jambo lazima niliseme hapa, maana vijana hawalijui tena. Kwetu mtu aliye hai hapimwi. Unaweza kupima nyumba, shamba, ngozi ya ng'ombe, lakini kamba haiwekwi utosini kwa mtu ikashushwa mpaka kisiginoni. Anayepimwa hivyo ni maiti. Mkubwa wa mji anaingia na kamba, anapima, anatoka nayo kimya mpaka kwa wachimbaji, nao wanajua urefu wa kaburi. Hili sisi watoto tulilijua kabla ya kujua kuvaa.

Pale shuleni kijiji kipya kilisimamisha mlingoti wa bendera. Mwalimu wetu wa hesabu akasema, nani ataniambia urefu wa mlingoti huu bila kuupanda? Akatupa siku mbili. Wengine wakasema watarusha jiwe. Bhoke alinyamaza, na nilijua akinyamaza amekwisha kupata. Tukiwa njiani kurudi nikambana, akanieleza, maana alikuwa hawezi kuficha kitu kizuri.

"Chomeka fimbo. Asubuhi kivuli chake ni kirefu kuliko fimbo. Adhuhuri ni kifupi. Kwa hiyo kuna saa kinalingana. Saa hiyo, kila kitu kinalingana na kivuli chake. Kimbia ukapime kivuli cha mlingoti chini, umemaliza."

Nikamwambia, "Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Jua ni moja, we mura. Litapendeleaje fimbo?"

Niseme wazi kwamba nilimwonea wivu. Nilikuwa mwanaume, mtoto wa nyumba ya kwanza, na darasani nilikuwa nakaa nyuma pamoja na wazito. Kesho yake Bhoke alitumwa kusaga mtama na mama yake, atachelewa. Nikaichukua ile kamba ukutani, nikakimbia shuleni mapema, Marwa nyuma yangu kama kawaida. Nikachomeka fimbo. Ardhi ya pale ni ngumu, ilikuwa imekanyagwa na watu wa mikutano, fimbo inaegemea, inaanguka. Nikachomeka tena, ikaanguka. Jua linapanda. Kivuli kinafupika. Nikamwangalia Marwa.

"Simama hapa. Nyooka. Usicheke."

Akasimama, visigino vimebana kama askari, akacheka. Nikaweka kamba utosini pake, nikaishusha mgongoni mpaka kisiginoni, pale ilipogusa ardhi nikafunga fundo. Nywele zake zilikuwa na vumbi. Shingoni alikuwa na joto la mtoto aliyekimbia. Halafu nikailaza kamba kwenye kivuli chake, tukasubiri. Kivuli kilipofika kwenye fundo nikakimbilia mlingoti, nikapima kivuli chake.

Mwalimu aliporudi kwenye swali lake nilinyoosha mkono wa kwanza, nikataja urefu wa mlingoti. Yeye alikuwa na urefu wake kwenye daftari, akaangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mpigieni makofi ya kilo." Darasa zima likapiga, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Mimi makofi ya kilo nimepigiwa mara moja tu maishani na ni hiyo. Bhoke alipiga pia. Baadaye nje akanivuta.

"Fimbo uliisimamishaje pale? Mimi jana ilianguka."

"Nilimsimamisha Marwa."

"Kimo chake ulikijuaje?"

Nikaificha kamba mgongoni, lakini fundo alikuwa ameshaliona.

"Ulimpima?" Uso wake ulibadilika, ukawa kama umemwagiwa majivu. "Lifungue hilo fundo. Leo. Sasa hivi."

Nilikwenda kulifungua, hilo Mungu ni shahidi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mchana, kamba ilikuwa imelowa, na mkonge ukilowa fundo linakuwa jiwe. Nilitumia kucha, nikatumia meno. Kinywa kikajaa ile harufu. Nikasikia mtu anakuja, nikaitundika kamba ukutani ilivyo. Bhoke akauliza, umelifungua? Nikasema nimelifungua. Aliniamini. Hakuwa mtu wa kuangalia mara mbili neno la mtu, alikuwa anaangalia mara mbili vitu tu.

Surua ilipita kwenye mistari siku chache baadaye. Leo najua ni surua. Najua tulikuwa tumewekwa mlango kwa mlango, kisima kimoja, watoto wanalala wamebanana kwenye vibanda ambavyo havijakauka udongo. Nyumba ya nne kwenye mstari wetu walizika, ya sita wakazika wawili. Lakini wakati ule sikuona mistari wala kisima. Niliona Marwa macho mekundu, vipele, anapumua kwa haraka kama kifaranga, na mama Robhi amemweka mapajani mchana kutwa anamfukuzia nzi. Nilijua sababu. Kila nilipopita karibu na ile kamba ukutani nilikuwa nafumba macho.

Alikufa asubuhi, watu wanapeleka ng'ombe.

Tata alitoka kutafuta kitu cha kupimia. Kule mlimani kulikuwa na migomba, angechana gome. Huku chini hapakuwa hata na mgomba mmoja, tulikuwa wageni. Akaangaza macho huku na huku, akaiona kamba kwenye nyumba ya mke wa pili, akaiangua, akaingia nayo. Sisi watoto tulikuwa mlangoni, wakubwa wamesahau kutufukuza. Nilimwona tata anapiga goti. Akaweka ncha ya kamba utosini kwa Marwa, akaivuta taratibu mpaka kisiginoni. Fundo likafika kisiginoni. Halikupita, halikupungua.

Alibaki amepiga goti ameshika lile fundo kwa vidole viwili. Mama Robhi akaangalia alichoshika, na nadhani alielewa kabla yake, maana ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Kamba hii ya nani?"

Hakuuliza nani alifunga fundo. Aliuliza kamba ni ya nani. Na mimi, niliyekuwa karibu zaidi, nikajibu.

"Ya Bhoke."

Bhoke alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Aliangalia kamba, akaliona fundo, akaniangalia mimi. Sikuweza kuyastahimili macho yake, nikaangalia miguu yangu. Nilingoja aseme. Nilikuwa hata nimetayarisha cha kukataa. Hakusema neno.

Sitasimulia yote yaliyofuata. Alipigwa, na aliyempiga hakuwa tata peke yake. Wazee wakaja, mbuzi akachinjwa, milango ikapakwa mavi ya utumbo wa mbuzi, na ikaamuliwa kwamba mtoto aliyempima mwenzake akafa hawezi kulala tena katika mji ule. Kesho yake mama yake alimchukua kwa miguu kumpeleka kwa bibi yake mzaa mama, upande wa Serengeti. Walitembea siku mbili. Mama yake alirudi peke yake, na tangu siku hiyo kwenye mji wetu alikaa kama mgeni, akiongea pale anapoulizwa. Mimi niliacha shule miezi michache baadaye. Watu walidhani ni uvivu. Ilikuwa mlingoti. Sikuweza kupita chini yake.

Sasa, safari ya masomo ya Bhoke, ile ambayo yule msichana wa simu anayo yote kwenye karatasi, sisi tuliipata vipande vipande, kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji cha mbali. Kwa bibi yake kulikuwa na shule ya misheni. Tukasikia amefaulu, amekwenda sekondari ya wasichana. Kisha tukasikia anasoma kidato cha tano na cha sita, hesabu peke yake na hesabu juu ya hesabu. Halafu Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Halafu ndege. Jina lake lilipotangazwa redioni pamoja na wengine waliopata nafasi ya kwenda kusoma nje, tata alikuwa amekaa anakoroga ugoro. Akazima redio. Mama yake Bhoke alikuwa jikoni, akaanza kuimba kidogo kidogo, wimbo wa kanisa, na tata hakumkataza. Hicho ndicho kitu kikubwa tata alichomfanyia binti yake.

Tata akafa, mama yangu akafa, mama wa Bhoke akafa. Mama Robhi baada ya Marwa hakuzaa tena. Macho yakaanza kufunikwa na ukungu mpaka yakafungwa kabisa, na kwa kuwa hana mtoto, mimi ndiye mtoto. Mke wangu alipofariki, na wanangu kutawanyika, wawili wako Kemambo wanahangaika na dhahabu pamoja na watu wa mikoa yote ya nchi hii, tukabaki wawili. Mimi na yeye. Namchotea maji, namwanikia blanketi, namtengenezea uji asubuhi na jioni.

Bhoke alikuja mara moja. Alikuwa na mvi, miwani, viatu vya kutembelea milimani. Habari ilienea kwamba daktari amekuja, na kabla hajamaliza kunywa maji uwanja wangu ulikuwa na wagonjwa tisa.

Mzee mmoja jirani akatanguliza mguu. "Daktari, huu unawaka kama moto."

"Mzee wangu, mimi ni daktari wa hesabu."

"Hesabu nazo zinaumwa?"

"Zinaumwa sana."

"Unazipa dawa gani?"

"Nakaa nazo tu, mzee. Nyingine miaka kumi."

"Basi kaa na mguu wangu kidogo."

Akacheka, akauangalia kweli ule mguu, akamtafutia bodaboda ya kumpeleka zahanati. Halafu akaniambia nimwonyeshe nyumba ya mama.

Mama Robhi alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso mlangoni. Bhoke akasimama nje ya kizingiti, akainama.

"Shikamoo mama."

Mama akatega sikio.

"Shikamoo mama. Ni Bhoke."

Mama akashika kigoda kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa uso umeelekea ukuta. Bhoke akasalimia mara ya tatu, kwa Kikurya, ile salamu ya mtoto kwa mama. Mgongo wa mama haukutikisika. Yule mwanamke wa vyuo alisimama pale kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa, mimi nyuma yake, na kinywa changu kikiwa mahali pake, kinafanya kazi vizuri, kimefungwa.

Tukaenda kukaa nje. Nikamwuliza anachokifanya huko, ili tu pasiwe kimya.

"Jiometri," akasema. "Lakini si ya kupima."

"Jiometri isiyopima ni ipi tena?"

Akachukua ngata ya kubebea mtungi iliyokuwa pale, akachukua na kikombe changu cha chai. "Hivi vinafanana?"

"Havifanani."

"Kama hiki kikombe kingekuwa udongo laini, ukakibonyeza bila kukichana, kinaweza kuwa ngata. Tundu la mkono wa kikombe linakuwa tundu la ngata. Kwangu ni kitu kimoja. Siulizi kina urefu gani, upana gani. Nauliza kina tundu au hakina. Kimeungana au kimekatika. Ukikivuta, ukikikunja, ni nini ndani yake ambacho hakibadiliki."

"Na watu wanakulipa kwa hilo?"

"Ndiyo hata mimi nashangaa." Kisha akasema, akiwa anaizungusha ile ngata kidoleni, "Nilianza na ile nyingine, ya urefu na pembe. Nilikuwa hodari. Nikaona siipendi kushika rula. Nikatafuta hesabu ya maumbo ambayo haina rula, nikakuta ipo."

Nikasema, "Bhoke. Fundo lile."

"Ilikuwa surua, ndugu yangu."

"Najua. Lakini lilifika kisiginoni."

"Lilifika kwa sababu ulipima vizuri."

Hakunitania. Alisema kama mwalimu anayesahihisha daftari. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema.

"Mama aliuliza kamba ni ya nani. Ukasema ni ya Bhoke. Ilikuwa ya Bhoke. Ningekataa nini?" Akaiweka ngata chini. "Nilikuwa na miaka kumi, nikadhani jibu likiwa sahihi huwezi kulipinga. Ilinichukua muda kujua swali ndilo lilikuwa baya." Halafu akasema, "Mwambie. Mimi nina kwangu, nimeshazoea. Lakini yeye ameshika jina ambalo silo miaka yote hii. Mwambie akiwa hai."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, dada."

Hakuuliza tena. Baada ya hapo alikuwa anapiga simu kila mwaka mpya. Anauliza mvua, anauliza mbuzi, mwisho anauliza, "Mama hajambo?" Mimi nasema, "Hajambo." Anasema, "Haya." Hiyo haya yake ilikuwa nzito kuliko matusi.

Nitawaambia kwa nini sikusema. Si kwamba nilimhurumia mama. Nilizoea kuwa mtoto mwema. Kijiji kizima kinanisifu, wanasema angalieni mzee yule anavyomtunza mke wa baba yake. Na nusu yangu, hii niliyonayo hapa ubavuni, pamoja na surua yote ninayoijua, bado inaamini ni kamba.

Siku ya ile simu nilinawa mikono, nikainjika uji, nikaingia. Mama Robhi alikuwa anachambua maharage kwa vidole, jiwe anatupa, harage anaweka.

"Mama. Bhoke amefariki."

Aliendelea kuchambua. "Mungu amemwona," akasema.

"Mama, Marwa nilimpima mimi. Bhoke hakuwepo. Alikuwa anasaga mtama."

Vidole vikasimama. Nikamweleza yote bila kuacha, mlingoti, fimbo inayoanguka, makofi niliyopigiwa, mvua, fundo kugoma, na vile nilivyojibu kile tu kilichoulizwa. Nilipomaliza nilisikia uji unachemka. Nilifikiri ataniuliza kwa nini. Akauliza kitu kingine.

"Ulipokuwa unampima, alilia?"

"Hapana mama. Alicheka. Nilimwambia asicheke, akacheka."

"Alicheka," akasema.

Akapapasa sinia ya maharage, akaisogeza pembeni kidogo kidogo mpaka ikagusa ukuta.

"Nimemlaani mtu wa mbali," akasema. "Kila siku. Wa mbali unamlaani halafu unakula, unalala. Sasa wewe nitakufanyaje? Uji unaupika wewe."

Nikaenda kuuepua uji, nikaumimina kwenye bakuli, nikaupoza, nikarudi nikasimama mbele yake nimeshika. Alisikia nilipo. Hakunyoosha mkono. Nilisimama mpaka uji ukafanya utando juu na jua likahama kutoka mlangoni. Mwisho akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea bakuli, akanywa taratibu mpaka chini, maana tangu asubuhi hakuwa amekula na hapa nyumbani hakuna mtu mwingine. Alipomaliza hakunirudishia mkononi. Aliliweka chini, katikati yetu, nami nikainama nikaliokota.